Njia ya Nyuma Ambayo Sikuichora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako itachukua siku nyingi kufika huku, lakini nitaingoja. Nyonga inaendeleaje? Dada Mwanahamisi aliniambia umeanza kwenda hadi jikoni bila kushika ukuta, na kwamba ile bakora niliyokutumia umeigeuza ya kufukuzia kuku. Sikuudhika. Bora iwafukuze kuku kuliko isimame pembeni ya kitanda ikikukumbusha maradhi. Usingizi je, unaupata? Na ule mguu bado unavimba ukikaa sana? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila baridi ya huku imeniingia hadi kwenye meno.

Barua hii nimemwomba Mwanahamisi akusomee yeye mwenyewe, asimwachie mtu mwingine, na asiruke neno hata moja. Utauliza kwa nini barua na simu zipo. Mama, simu nimeijaribu mara tatu. Kila nikisikia unaniita mwanangu, nayageuza maneno. Nakuuliza habari za minazi, nakuuliza kama mvua imenyesha, halafu nakata nikiwa najichukia. Kwa karatasi angalau sikusikii ukiniita.

Lakini kwanza nikupe habari za huku, maana najua husikilizi jambo lolote kabla hujajua ninakula nini. Ninakula. Wali naupika mwenyewe, nazi nainunua ya mkebe, na usinune, ndiyo iliyopo. Samaki wa hapa Uholanzi hana ladha, wanampika kama wanamwogopa. Kazini tuko watu wachache, na kazi yetu ni mitaa: namna ya kuitengeneza pale mji unapobadilika, watu wanapozidi na maji yanapozidi. Bosi wetu ni mama mmoja wa makamo, Bi Annelies, anayekuja ofisini kwa baiskeli hata kukiwa na mvua ya mawe. Huyu mama haamini kitu kilichochorwa mpaka akione kimekanyagwa. Barabara wakitaka kuibadilisha hawaanzi na saruji. Wanapanga mapipa ya maua, wanaweka mabenchi ya mbao, wanapaka rangi chini, kisha wanakaa wanatazama. Watu wakipapenda, basi panajengwa. Wasipopapenda, mapipa yanabebwa, yanajaribiwa kwingine, na hakuna anayeona haya kwamba alikosea.

Kuna uwanja mmoja wameuchimba kama sinia. Jua likiwaka vijana wanachezea mpira humo, mvua ikinyesha maji yanakwenda kukaa mle badala ya kuingia kwenye nyumba za watu. Nilipouona mara ya kwanza nilikufikiria wewe na majirani mkitoa maji kwa ndoo kila masika. Nikajiambia wenzetu wamepatana na maji, sisi bado tuko kwenye kesi nayo.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Mwezi uliopita theluji ilianguka, na Bi Annelies akatutoa sote nje na kamera. Kuna uwanja wa majani mbele ya zahanati moja, umezungushiwa njia nzuri za matofali, zimenyooka, mtu angezisifu. Asubuhi ile theluji ilikuwa imeufunika wote, na nyayo zilizoonekana hazikufuata tofali hata moja. Zilikatiza katikati, kutoka kituo cha basi, zikapinda kwenye nyumba za wazee, zikaingia mlango wa nyuma wa zahanati. Bi Annelies akatuonyesha kwa kidole akasema, "Hii ndiyo ramani. Ile iliyoko ofisini ni maoni yetu tu." Wenzangu wakawa wanapiga picha. Mimi machozi yalinitoka, mwenzangu mmoja akadhani ni baridi, akanipa kitambaa chake.

Mama, nilikuwa naiona njia ya nyuma.

Unaijua kuliko mimi, lakini niache niieleze ninavyoikumbuka. Ilianzia mlango wetu wa uani, ikapita kati ya ukuta wa jirani na ule mwarobaini, ikazunguka kisima, ikapita nyuma ya msikiti upande wa kina mama, ikaishia uani kwa dada yako, Mama Mkubwa Mwanakombo, Mungu amrehemu. Haikuwa na jina. Mwanamke akiulizwa amepita wapi, hujibu, nimepita nyuma, na yakaisha. Huko hakuna baraza la wanaume, hakuna wa kukutazama, mtu hupita na leso yake ya jikoni, mkono una unga. Vyakula vya arusi vilipita huko, na vya matanga. Wewe ulipita huko na kile kifuko chako cha pamba na kafuri, ulipoitwa kumwosha mwanamke aliyefariki. Nami nilikufuata nyuma nimeshika ncha ya leso yako, mpaka siku uliyosimama pale kisimani ukanitazama ukasema, "Wewe sasa umekua. Pita njia ya mbele." Tangu siku hiyo sikutia tena mguu huko. Nilijiona mwanamume, nikatembea barabarani kifua mbele.

Mwaka ule kabla sijaondoka nyumbani, walipokuja wapimaji wa ule mpango wa barabara na steji mpya ya matatu, nilikuambia kwamba nimepata kibarua cha kushika futi kamba. Ukafurahi, ukatukaangia viazi karai, ukatuletea chai pale pale kazini. Mama, sikuwa nashika kamba. Nilikuwa ndiye fundi ramani. Nilikuficha kwa sababu sikutaka majirani waje kwako kukuomba nyumba zao zisogezwe, na kazi ile haitaki huruma. Ramani ya mtaa wetu, kutoka steji hadi msikitini, niliitembea mimi, nikaichora mimi, na sahihi iliyo chini ni yangu.

Tulipofika nyuma ya nyumba, wale wazee wa mtaa waliokuwa wakituongoza wakasimama, wakageuza nyuso. Nami nikasimama. Mwanamume mzima haingii huko na futi kamba, wanawake wako mekoni vichwa wazi. Tulikuwa na kijana wa bara kwenye ile kazi, Kiprono, huyo huyo unayemjua wewe, na yeye akaniuliza, "Boss, kwani huku nyuma hakuna njia? Nimeona mama ametokea hapo na sufuria." Yule mama ni wewe, ulikuwa unatuletea chai. Nikamjibu kwa ukali kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za chumbani kwao. Nikamwambia, "Hakuna njia. Ni nyuma za nyumba tu." Akaandika nilivyomwambia.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza sana. Nilidhani nikiichora itapewa jina na upana na taa, na kesho yake bodaboda zitapita humo humo na mizigo ya simenti. Nilidhani nikiificha nimeilinda. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba ningeweza kumpa Mwanahamisi ile kamba akaingia yeye. Ningeweza kuja kukuuliza usiku mmoja tu baada ya chakula, mama, ile njia yenu niifanyeje? Mtaa mzima niliupima bila kumuuliza mwanamke hata mmoja neno lolote, nikaona ndiyo adabu. Mficha uchi hazai, na mimi niliificha ile njia hadi ikafa.

Kwa sababu mahali peupe kwenye ramani, huko ofisini, pana maana moja tu: hapana mwenyewe. Waliona pengo zuri nyuma ya steji, wakapanga safu ya maduka, migongo ya mawe kutoka kisimani hadi karibu na msikiti. Yalipojengwa nilikuwa tayari niko huku. Mwanahamisi akanitumia picha, akaandika, ona kaka, Ukunda imekuwa mji. Nikaitazama picha ile nikajua ule ukuta umekaa juu ya nini. Nikamjibu, mashallah.

Yaliyofuata unayajua wewe kwa mwili wako. Mwanzo mkawa mnatoka alfajiri, kabla steji haijachangamka. Kisha wengine wakaacha kwenda kisomo msikitini. Wewe mwenyewe, uliyekuwa ukienda kwa dada yako mara tatu kwa siku kwa sababu ya chumvi au maneno, ukawa unakwenda Ijumaa kwa Ijumaa. Na siku alipozidiwa, ukatoka mbio kwa njia ya mbele, na ile bodaboda ikakuangusha kwenye mtaro. Ulikuwa umelazwa Msambweni, mguu umefungwa, Mama Mkubwa alipofariki. Wanawake wote wa mtaa ule umewaosha kwa mikono yako, na dada yako wa tumbo moja akaoshwa na wengine.

Ile sauti uliyonitumia kutoka hospitali bado ninayo kwenye simu. Sijaweza kuifuta na siwezi kuisikiliza. Ulisema, "Sikumwosha dada yangu, Mbwana. Aliyeichora ile karatasi, mimi nimemshitaki kwa Mwenyezi Mungu."

Nami nikakujibu, amin.

Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko hata ukuta. Ramani nilikosea nikiwa na fikra zangu, nzuri au mbaya. Ile amin niliitamka nikijua. Na uliponiuliza baadaye ni nani aliyechora, nikakuambia kulikuwa na watu wa bara kwenye ile kazi. Kila neno lilikuwa kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo. Ukamkumbuka Kiprono kwa sababu ndiye uliyempa chai.

Mwaka huu Kiprono alirudi, ametumwa na ofisi ya ramani kutazama yaliyoharibika. Alikuja kwako kwanza, kwa sababu aliikumbuka ile sufuria. Ukamfungia mlango. Mwanahamisi aliniambia kwamba aliomba maji kwa lile jua la saa nane na hukumpa. Wewe, mama, ambaye humnyimi maji hata mkusanya kodi wa sokoni. Na majirani walipoona mlango wako umefungwa, nao wakafunga yao. Jioni ile Kiprono aliniandikia. Nayanakili maneno yake kama yalivyo: "Mbwana, wamama hawataki kuniona. Wanasema mimi ndiye nilichora. Sijawaambia kitu. Hiyo ni stori yako, utawaambia wewe." Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo kuna kazi. Katika ile safu ya maduka yamo mawili ya katikati ambayo hayajapata mtu. Ofisi ya ramani imekubali yatobolewe, yawe ujia, na njia ya nyuma iunganishwe tena kutoka kisimani hadi msikitini, ikiwa yatapatikana mambo mawili. La kwanza ni barua ya aliyechora, akiri kwamba njia ilikuwapo na yeye akaiacha. La pili ni wenyewe waliokuwa wakiitumia waionyeshe ilikopita, kwa miguu yao. Yakikosekana hayo mwezi huu, maduka yanagawiwa, na ukishampa mtu duka Ukunda, umtoe kwa lipi?

La kwanza nimelimaliza. Nililikalia wiki tano, mama, nikisema kesho, kesho, kwa sababu barua ile inaweza kuninyang'anya ruhusa ya kuchora ramani nyumbani daima. Juma lililopita niliituma, na nakala nikampa Bi Annelies mkononi. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Umechelewa." Kisha akarudi kwenye kazi yake. Hajanifukuza mpaka leo, na mimi sijamuuliza.

La pili liko kwenu, na bila wewe hakuna mwanamke atakayetoka. Kiprono atakuja Jumamosi ya kwanza baada ya barua hii kukufikia, baada ya sala ya alasiri. Yeye mwenyewe amesema atabaki mbele, hataingia. Atakuja na mpimaji mwanamke, na Mwanahamisi atamshikia kamba. Wewe uwatangulie, hata kwa hiyo bakora ya kuku. Waonyeshe mlango kwa mlango. Wakikuuliza upana, usiseme futi. Waambie iwatoshe wanawake wawili wenye sinia za pilau kupishana bila kugeuka ubavu.

Na wakitaka kujenga kwa mawe mara moja, wakatalieni. Hili nimejifunza huku. Ombeni kwanza makuti na leso kuukuu, mzitundike kwa kamba pande zote mbili, mpite hivyo mwezi mzima. Mahali ambapo mtu aliyekaa steji anaweza kuwaona, sogezeni. Mvua ikinyesha tazameni maji yanakimbilia wapi, myaachie njia yake nayo. Nyinyi ndio mnaojua jicho la mwanamume linafika wapi, sisi hatujui, sisi ndio wenye jicho. Mkisharidhika ndipo mawe yaje. Huku watu wanasomea akili hii miaka, nanyi mlikuwa nayo siku zote, ila hakuna aliyekuja kuwauliza, hata mwanenu.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi iliyokunjwa. Ni mtaa wetu, nimeuchora upya wote: msikiti, kisima, mwarobaini, nyumba yetu, nyumba ya Mama Mkubwa. Nyuma za nyumba nimepaacha peupe tena. Safari hii sikupaacha kwa kuficha. Nimejaribu kuichora ile njia na kalamu ikagoma, kwa sababu naijua kwa kimo cha mtoto tu, naikumbuka leso yako na visigino vyako. Mwambie Mwanahamisi akupe kalamu. Uichore wewe, hata ikitoka imepinda, ndivyo ilivyokuwa.

Mama, Mama Mkubwa hawezi kuoshwa tena. Hilo sina cha kulifanyia, si kwa barua, si kwa ujia, si hata nikirudi kesho na kukaa miguuni pako. Sikuombi radhi kwa karatasi, itakuwa ni kukukimbia mara ya pili. Nitakuja mwenyewe likizo ikifunguka, nitapitia njia ya mbele, nitabisha, na utanijibu utakavyo. Ninaloomba leo ni dogo. Ulimshitaki kwa Mungu mtu usiyemjua, na sasa unamjua. Ile dua ukitaka kuiacha ilivyo, iache. Lakini mtoe Kiprono ndani yake, uniweke mimi.

Nisalimie dada Mwanahamisi, anayekusomea haya. Dada, pole kwa kukutwika mzigo huu. Nisalimie shemeji Bakari, mume wake, aliyekubeba mgongoni siku ile hadi kwenye gari. Mjomba aliyeko Jego mwambie wavu wa kuvulia nilioahidi nimeupata, nitakuja nao. Binti wa Mama Mkubwa, Saumu, yule aliyeolewa Bongwe, mpe salamu zangu na umsomee barua hii yote. Akizitupa salamu, usimwokotee.

Na Jumamosi, kabla hamjaanza kupima, mpe Kiprono maji ya kunywa. Akiuliza ni nani kaagiza, mwambie ni yule aliyeichora ile karatasi.

Ndimi mwanao,
Mbwana